NYUNGU SI KOSA, KOSA NI BIASHARA YA NYUNGU

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mkoa wetu wa Singida, kuanzia Iramba mpaka Manyoni, kujifukiza si jambo geni. Majani ya mkaratusi au mwarobaini huchemshwa, mtu akajifunika blanketi, akatoka jasho, akaona mwili umekuwa mwepesi. Hilo hatulipingi. Tunalolipinga ni jambo hili la kawaida kugeuzwa duka, na duka hilo kuvikwa kanzu ya dini.

Tuanze na wenye haraka ya kuharamisha. Wapo vijana wetu wanaosema kila nyungu ni ushirikina. Huko ni kuisemea dini bila ya elimu. Asili ya tiba ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Waislamu wa kale waliyajua mahamamu ya Sham. Hapa kwetu, Seyyid Said alijenga hamamu la Kidichi, Zanzibar, mwaka 1850, na mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga la Hamamni, Mji Mkongwe, lililotumika hadi mwaka 1920. Sheria haikuufunga mlango huo bali iliuwekea adabu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amemtaka mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asiingie hamamu bila ya shuka. Joto si haramu. Haramu ni kufunua uchi.

Je, adabu hiyo iko wapi leo? Wamezuka watu wanaojiita matabibu wa Kisunna. Wana chumba cha uani, pazia, sufuria ya mvuke na orodha ndefu ya maradhi: shinikizo la damu, kisukari, ugumba, majini. Mke wa Muislamu anaingizwa, anaamriwa avue nguo, mlango unafungwa, na mumewe amekaa nje na pesa mkononi. Hiyo ni ruqya au ni khalwa? Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, wala hakuwavua katika katazo hilo wenye vilemba.

Wanadai kuwa jasho hutoa sumu zote mwilini. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Kusafisha damu ni kazi ya figo na ini. Wakitutolea mfano wa Ulaya, basi na tuutazame. Huko Ufini, utafiti wa Kuopio, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015, uliwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Waliotumia sauna mara nyingi zaidi kwa wiki walionekana kufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Ni habari njema kwa anayetaka kuupumzisha mwili. Lakini watafiti hao hawakusema kuwa sauna inaponya kisukari, wala kuwa mgonjwa atupe vidonge vyake.

Nasi hatujitoi lawamani. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona, watu walijifukiza nchi nzima, na sisi juu ya mimbari ama tulishangilia ama tulinyamaza. Mvuke huweza kumpa nafuu mwenye pua iliyoziba, lakini hauui kirusi kilichomo mwilini. Chanjo ilipozinduliwa Julai 28, 2021, wangapi walikuwa wamekwisha kuaminishwa kuwa blanketi na sufuria vinatosha?

Anayelipa zaidi ni mtoto. Ana homa, anapumua kwa haraka, naye anafunikwa juu ya maji yanayotokota. Sufuria ikipinduka, ameungua. Isipopinduka, nimonia imeongezewa siku moja ya kumla.

Hadithi iliyomo katika Sunan Abi Daud inatufundisha kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha. Kwa nini basi hatusikii hata mmoja wa wauza nyungu akitoa fidia? Ada wanaijua, dhamana hawaijui!

Kwa hiyo tunawausia maimamu wasiwatangaze watu hawa misikitini. Tunawausia waume wasiwakabidhi wake zao kwa milango iliyofungwa. Tunawausia wazazi kuwa mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kwanza, na asifukizwe kabisa. Na anayetaka kutoka jasho ili apumzike, ajifukize nyumbani kwake, amejisitiri, amekunywa maji. Mwenye mimba au maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza.

Kutegemea kwa Allah hakumaanishi kumtegemea kila anayelitaja jina la Allah.

Wabillahi tawfiq.