Batri ikiisha njiani, tutalala wapi?



Juma hili swali limetoka kwa kikundi kimoja cha AVEC cha upande wa Sake. Wanataka kufungua kisanduku na kununua pikipiki ya umeme. Siku za soko ingebeba foromaji na maharagi mpaka Goma, na usiku ingefikisha mama mjamzito maternite. Nusu ya kikundi wamekubali, kwa sababu bei ya esansi imewachosha. Nusu nyingine wanauliza jambo moja tu: batri ikiisha njiani, tutalala wapi?

Mimi ninasimama na hao wanaouliza. Katika nchi za wenye magari mengi, hofu hii inachukuliwa kama kitu cha kichwani ambacho mtu anapona akizoea. Kule ukikwama unapiga simu, gari linakuja kukuvuta. Kwetu, mwanamke aliyekwama na mzigo kati ya Sake na Masisi wakati jua limezama, sote tunajua anachokiogopa. Tena pesa ya kisanduku ndiyo inayolipa masomo ya watoto wa sekondari mwezi wa 9. Kwa hiyo, kabla ya wale watatu kuleta funguo zao, tufanye hesabu.

Mjue kwanza kwamba swali hili lina zaidi ya miaka 100. Henry Ford, yule Mmarekani aliyetengeneza magari ya esansi kwa maelfu, mke wake Clara alikuwa anaendesha gari la umeme, Detroit Electric la mwaka 1914. Wanawake wengi wa mijini kule waliyapenda magari hayo: hayana moshi, wala hakuna manivela ya kuzungusha kwa nguvu ili yawake. Kampuni iliahidi kilomita kama 130 kwa kuchaji mara moja. Kwa kuzunguka mjini zilitosha. Lakini esansi ikaanza kuuzwa kila mahali, mpaka vijijini, magari yake yakawa ya bei rahisi na yakapata njia ya kuwaka bila manivela. Ya umeme yakasahaulika.

Hiyo esansi ya kila mahali ndiyo ninayotaka tuiangalie. Pikipiki ya kawaida nayo inaishiwa. Mbona hatuogopi? Kwa sababu ya kadafi. Ukifika kwenye senta yoyote ndogo, utamkuta na meza yake na chupa zake, hata kama bei yake inauma. Motari anaondoka na tanki nusu bila wasiwasi kwa kuwa anajua kadafi yuko mbele. Batri ndiyo haina kadafi. Basi tusihangaike sana kutafuta pikipiki yenye batri kubwa kuliko zote. Tuulize kwanza nani atakuwa kadafi wa umeme kwenye njia yetu, na atakaa wapi.

Huko Kigali walianzia hapo hapo. Kampuni ya Ampersand, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2019, haimngojeshi motari achaji. Anafika kwenye kituo, anatoa batri iliyoisha, anapewa iliyojaa, na baada ya dakika chache anaenda. Batri ni ya kampuni, si yake. Wamotari wa kule wanaweza kupita kilomita 100 kwa siku, na batri moja haitoshi kazi hiyo, lakini vituo vinawatosha. Kampala na Nairobi pia kuna kampuni zinazobadilisha batri hivyo. Ila hiyo ni miji mikubwa yenye lami. Tusinunue pikipiki ya Masisi kwa kuangalia lami ya Kigali.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi ya batri mtaona kilowati-saa, ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani. Pikipiki nyingi za kazi zina batri kati ya 2 na 4. Tuchukue ya 3, ambayo muuzaji anaweza kuwaahidi kilomita kama 70. Kilomita hizo hupimwa na mtu mmoja kwenye njia nzuri. Sisi tuna mlima, matope na mzigo. Pikipiki, motari, abiria na gunia dogo vinafika kilo 300. Kupandisha kilo 300 mita 500 kwenda juu kunakula karibu sehemu moja ya sita ya batri hiyo, na hapo bado matope hayajahesabiwa. Mteremko wa kurudi haukurudishii chote ulichotoa. Na batri huzeeka: ikishafanya kazi miaka kadhaa, haitabeba tena kama siku ya kwanza. Kwa milima yetu, ninachukua nusu ya ahadi ya muuzaji. Kwa njia ya tambarare, robo tatu.

Goma hadi Sake ni kilomita kama 27, na njia haina milima mikubwa. Robo tatu ya 70 ni 52. Kwenda na kurudi ni 54. Mnaona wenyewe: kwenda utafika, kurudi utasukuma. Hata hivyo safari hii inawezekana, kwa sababu Goma umeme upo. Kuna ule unaotoka Matebe kwa maji, na ule wa jua wa kampuni ya Nuru, tangu mwaka 2020. Kujaza batri ya namna hii kunaweza kuchukua masaa matatu au manne, na soko lenyewe linachukua hayo. Mtafute kabisa mahali pa kuchaji, mkubaliane bei, na mjue umeme ukikatika siku hiyo mtafanya nini.

Kutoka Sake kupanda Mushaki mpaka Masisi senta ni hesabu nyingine. Kutoka Goma ni karibu kilomita 80 kwa jumla, na nusu ya 70 ni 35. Bila kuchaji njiani, hapana. Wadada wa Walikale, nyinyi mna zaidi ya kilomita 200 mpaka Goma, pamoja na matope mnayoyajua kuliko mimi. Kwa safari hiyo jibu langu ni hapana, msipoteze pesa. Kwa kuzunguka senta na vijiji vya karibu, mnaweza kufikiri.

Sasa maternite. Hapo ndipo ninaona kikundi cha Sake hawajafikiri mpaka mwisho. Pikipiki ikirudi kutoka soko saa kumi na mbili za jioni, batri inakaribia kuisha. Saa nane za usiku mama anashikwa na uchungu. Pikipiki ipo, motari yupo, umeme hakuna. Kazi hizo mbili hazikai kwenye batri moja. Ama mnunue batri ya pili inayobaki imejaa, ama muandike kwenye sheria za kikundi kwamba hakuna usiku batri italala chini ya nusu, hata kama soko limeita.

Na umeme wa kujaza nyumbani? Paneli moja ya wati 300, kwa jua letu lenye mawingu, tuseme masaa manne mazuri kwa siku, inatoa kama kilowati-saa 1.2. Batri ya 3 itangoja siku mbili na nusu. Kwa siku moja mnahitaji paneli tatu. Bei ya paneli hizo na vifaa vyake iingie kwenye hesabu tangu leo, isije ikaonekana baada ya pikipiki kufika. Lakini paneli zina faida yake: siku pikipiki haihitaji, zitachaji simu za watu kwa malipo, kazi ambayo wamama wengi wanaifanya tayari. Mimi ningeanza na paneli. (Koltani ya Rubaya inaingia kwenye vyombo vya umeme dunia nzima, na Masisi bado tunahesabu paneli moja moja. Hayo tutayazungumza siku nyingine.)

Kabla ya kulipa, muombeni muuzaji awaachie pikipiki siku moja. Muipakie mzigo wa kweli, siku iliyonyesha mvua, na motari wenu, si wa kwake. Ijazwe, ipande njia yenu, na mmoja wenu aandike kilomita na alama za batri kwenye kila senta. Mgeuke nyumbani alama zikifika nusu. Daftari hilo mlilete kwenye mkutano, lisomwe mbele ya wote, ndipo mpige kura.