Mitihani ya Muziki Yataka Maandalizi

Kila muhula unapokaribia kumalizika, wanafunzi wa vyuo vikuu hukesha na vitabu. Lakini wako wachache ambao kitabu peke yake hakiwatoshi. Hao ni wanafunzi wa muziki, ambao sharti wasimame mbele ya watahini, wapige ala au waimbe, na kosa lao lisikike papo hapo. Kwa kuwa baadhi yao ni vijana wa visiwa hivi, tunayo machache ya kusema.

Wako wanaodhani kwamba mtihani wa namna hii ni mchezo. Sivyo. Anayejibu kwa kalamu aweza kufuta na kuandika upya. Mpigaji hana fursa hiyo. Tena vidole havifundishiki kwa usiku mmoja. Saa moja ya kila siku tangu muhula unapoanza humfaa mwanafunzi kuliko kukesha juma zima la mwisho, ambako huishia kuuchosha mkono na kuitia nafsi hofu. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele.

Hata hivyo, juhudi ya mwanafunzi ina mpaka wake. Tuchukue mfano wa kanuni, ala tunayoijua sote katika taarabu. Ina nyuzi zaidi ya 70, na kwa kawaida kila sauti hutolewa na nyuzi 3 zinazopaswa kulingana. Daraja lake huketi juu ya ngozi. Ngozi hiyo ikivuta unyevu wa masika hulegea, na sauti hushuka. Ala kama hii si kila mzazi awezaye kuinunua. Basi ikiwa chuoni iko moja tu, na chumba chake hufungwa saa tisa na nusu pamoja na ofisi, mwanafunzi atajizoeza wapi? Na uzi ukikatika juma la mtihani pasiwe na wa akiba, watahini watakuwa wanapima ukata wa ghala, si ustadi wa kijana.

Wazee wetu waliutambua ukweli huu. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kanuni. Nao vijana walioanzisha Ikhwani Safaa mwaka 1905 waliagiza ala kutoka huko huko Misri. Wote walijua kwamba ustadi hugharimiwa kwanza, ndipo udaiwe.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wahakikishe kwamba fedha za nyuzi na matengenezo ya ala zinatolewa muhula unapoanza, si unapokwisha. Na kwamba vyumba vya mazoezi vinabaki wazi hadi usiku. Vilabu vyetu vya taarabu navyo viwapokee wanafunzi wanaorudi nyumbani likizo, wasije wakakaa wiki nyingi bila kugusa ala. Na jirani anayesikia kipande kimoja kikirudiwa mara ishirini asiseme ni uhuni. Huyo ni mwanafunzi yumo kazini.

Tunapopokea wageni, taarabu ndiyo fahari tunayoitanguliza. Haitakuwa haki kujivunia matunda huku tukiuacha mche ukauke kwa kukosa maji.