Pwani Ina Misimu Yake

Dai la kwamba Pwani haina misimu hutolewa na watu waliosoma na hata viongozi. Majira, wanasema, ni ya Ulaya kwenye theluji. Huku ni joto tu, na bustani ya Januari ndiyo ya Agosti. Mkulima wa Ganda, huko Malindi, hulipia kosa hilo kwa njaa.

London, mchana wa Juni huzidi saa 16 na ule wa Desemba haufiki 8, kwa hiyo mimea ya huko huongozwa na mwanga na baridi. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mchana wake mrefu na mfupi hautofautiani hata kwa nusu saa. Kinachoongoza mimea hapa ni mvua na upepo.

Kaskazi ikikaza mwanzoni mwa mwaka, udongo wa kichanga hukauka, mchicha husinyaa. Mbuyu hupukutisha majani yote katika ukame, na mgeni aliyenunua ploti hudhani umekufa. Kisha huja mvua kubwa ya mwaka, magugu yakashindana na kunde. Kusi ikipoza hewa baada ya hapo, miembe na mikorosho huanza kuchanua. Mvua isiyotarajiwa wakati huo huleta ugonjwa wa chule kwenye maua ya mwembe, na mavuno yanayongojwa Desemba hupotea mtini.

Mnazi ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa huzaa mwaka mzima. Bustani za hoteli za Malindi nazo hunyweshewa kwa mpira kila siku. Hizo haziwezi kuwa kipimo cha shamba linalotegemea mawingu.

Hasara kubwa iko kwenye mahindi. Mvua ndefu ya Nairobi hufikia kilele Aprili. Ya Malindi, Mei. Mbegu za nyanda za juu huchukua miezi sita au zaidi kukomaa, na mvua ya Pwani haizingoji. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha kilimo cha Mtwapa walizalisha mbegu za Pwani Hybrid, zinazokomaa mapema. Anayeamini kwamba miezi yote ni sawa hana sababu ya kuziulizia dukani.

Hata miche ya miembe inayogawiwa kwa sherehe ingefaa itolewe Aprili. Ule unaopandwa Januari hudai maji ya mitungi, katika miezi ambayo akina mama huyafuata mbali. Wa Aprili hupata wiki nyingi za mvua za kushusha mizizi kabla kaskazi haijarudi.