Mwili wa Mjamzito Si Bao la Ramli

Mjamzito akivimba uso, majirani hawaulizi presha yake imefika ngapi. Wanacheka: "Huyo ana dume tumboni, tazama pua ilivyotanuka!" Akitapika mpaka maji yakamshinda, wanasema ni wa kike, maana wa kike huanza madeko tumboni. Ngozi ikimharibika, eti binti anampora mama uzuri. Kila linalompata mama lina tafsiri, na tafsiri zote ni za mtoto. Mama mwenyewe hayumo.

Nikilisema hili naambiwa niwaache watu wafurahi, ni utani tu wa kupitishia miezi tisa. Ungekuwa utani kama usingemchelewesha mtu kufika hospitali. Uso na vidole vikivimba ghafla, kichwa kikauma bila kupoa, macho yakaona maluweluwe, huo waweza kuwa mwanzo wa safari ya kifafa cha mimba. Kwa kawaida dalili hizi hujitokeza baada ya wiki ya 20, presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na protini ikionekana kwenye mkojo, na huwapata wenye mimba za kike na za kiume. Lakini miguu kujaa jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, mara nyingi si kitu. Shangazi, hata awe amezalisha mtaa mzima, hawezi kutofautisha hayo mawili kwa macho. Kinachotofautisha ni ule mkanda unaobana mkono na kijiti kinachochovywa kwenye kikopo cha mkojo. Na dawa ipo: mwaka 2002 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 33 ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti inapunguza hatari ya kupata kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Haimfikii aliyebaki sebuleni anapongezwa kwa kupata mrithi.

Kwenye kutapika, niwape mabibi haki yao, hawakukosea kabisa. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 1999 kwamba kati ya wanawake waliolazwa kwa kutapika kupita kiasi katika miezi ya mwanzo, takriban 56 kwa kila 100 walijifungua watoto wa kike. Tofauti ipo. Lakini 44 waliobaki walizaa wa kiume, na hao ni waliolazwa, si kila anayetema mate asubuhi. Ukirusha sarafu utapatia karibu vilevile. Tena anayetapika mpaka mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi anataka dripu, leo, awe amebeba nani.

Halafu kuna baba, aliyeshaahidiwa wa kiume kwa ushahidi wa pua. Akizaliwa binti, anayenuniwa ni mke, ilhali yai la mama hubeba X siku zote na mbegu ya baba ndiyo inayoleta X au Y. Ajiulize mwenyewe.

Mnaotaka kujua jinsia, ultrasaundi ya wiki ya 20 hivi huionyesha mara nyingi. Mpelekeni. Ila mkifika, kabla hamjauliza habari za mtoto, mwulizeni muuguzi ameandika namba gani kwenye safu ya presha katika kadi ya kliniki.