Mkono Haukuwa Mtupu

Yasemwa, na huandikwa bila ya haya katika vitabu vya kufundishia, kwamba karate maana yake tangu na tangu ni "mkono mtupu". Kwa Kijapani cha leo tafsiri hiyo ni sahihi. Kwa historia ni upotofu, na upotofu wenyewe una tarehe.

Okinawa ndicho kisiwa kikuu cha uliokuwa ufalme wa Ryukyu, baina ya Japani na China. Huko, hadi miaka ya 1930, neno hilo kwa kawaida likiandikwa kwa alama mbili za Kichina: moja ya mkono, nyengine ya Tang, jina la nasaba ya kale lililokuwa likiitajia China yote. Mkono wa China, basi. Wazee wengine wakisema ti tu, yaani mkono, wala wasione haja ya kuongeza. Sasa, Kijapani huweza kuitamka alama ya Tang kara, na alama ya utupu nayo kara. Ikatosha kubadilisha alama moja. Sauti ikabaki ile ile, na msikilizaji asijue kuwa ameibiwa.

Haki isemwe: Hanashiro Chomo, mwalimu wa Okinawa hasa, aliitumia alama ya utupu mwaka 1905. Lakini hiari ya mtu mmoja katika daftari lake si sawa na lililotukia Naha tarehe 25 Oktoba 1936, pale gazeti la Ryukyu Shimpo lilipowaita mabingwa kuzungumzia jina. Walikuwapo Hanashiro, Kyan Chotoku, Motobu Choki, Chibana Choshin na Miyagi Chojun. Na pamoja nao maofisa wa elimu, wa polisi na wa jeshi. Ofisa wa jeshi ana shughuli gani katika mjadala wa tahajia? Japani ilikwisha kuiteka Manchuria mwaka 1931, na mwaka 1937 ingeingia vitani na China nzima. Ufalme wa Ryukyu ulikwisha kufutwa mwaka 1879, na skulini mtoto aliyesema Kiokinawa alivikwa kibao shingoni. Katika hali kama hiyo, nani angeng'ang'ania kuitaja China? Miyagi alieleza kuwa yeye hutumia jina la zamani kwa kuwa ndilo walitumialo wengi. Jina la zamani likashindwa.

Watetezi wa "utupu" hujibu kwamba neno hilo lina kina cha Kibuddha: moyo uliotupwa choyo na hila. Ndivyo alivyohoji Funakoshi Gichin, mzaliwa wa Shuri aliyeipeleka sanaa hiyo Tokyo mwaka 1922. Hoja ni nzuri, ila imekuja baada ya haja. Na Funakoshi hakuishia kwenye jina la sanaa. Aliyageuza pia majina ya kata, ile mifuatano ya mapigo na kinga ambayo ndiyo diwani ya karate. Kusanku ikawa Kanku, "kuitazama mbingu". Lakini Kusanku ni mtu! Maandishi ya mwaka 1762 yanamtaja Mchina wa jina linalokaribiana sana na hilo, aliyeonyesha ustadi wake Ryukyu. Mfasiri yeyote anayestahiki ujira wake anajua kuwa jina la mtu halifasiriwi. Hapa limefasiriwa, na mwenyewe akatoweka.

Ndiyo maana mtindo wa Goju, wa Naha, unastahiki kusomwa kwa makini zaidi. Higaonna Kanryo (1853–1915) alivuka bahari hadi Fuzhou katika jimbo la Fujian, akajifunza kwa bingwa ambaye Okinawa humwita Ryu Ryu Ko. Mwanafunzi wake Miyagi (1888–1953) naye alikwenda Fuzhou mwaka 1915. Ni Miyagi aliyeupa mtindo huo jina la Goju, "ugumu na ulaini", akilitoa katika Bubishi, maandishi ya Kichina yaliyothaminiwa na mabingwa wa kisiwani. Mwaka 1933 likasajiliwa Japani. Lakini kata za mwalimu wake hakuzifasiri. Seisan ni kumi na tatu, Seipai kumi na nane, Sanseru thelathini na sita, Suparinpei mia na nane: hesabu za Kichina kwa matamshi ya kusini, zilizochakaa vinywani mwa Waokinawa kama sarafu za kale. Ni kweli kwamba mwaka 1940 alitunga kata mpya za wanaoanza, akaziita Gekisai, kwa Kijapani, kwa maana ya kushambulia na kuvunja. Zama zilikuwa hizo. Za kale aliziacha ziseme zilikotoka.

Mwaka 2005 Baraza la Mkoa wa Okinawa lilitafuta siku ya kuiadhimisha karate. Halikuchagua siku aliyozaliwa Higaonna, wala Miyagi. Lilichagua tarehe 25 Oktoba.