Karakana Itangulie Maabara

Mnamo mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wetu hawakulaza damu. Kufikia mwaka wa 1990, magari ya kwanza ya Nyayo yalizinduliwa katika uwanja wa Kasarani. Hata hivyo, hayakupata kuundwa kwa wingi ili mwananchi ayanunue.

Mwaka huo huo wa 1986, nchini Korea Kusini, kampuni ya chuma ya POSCO ilianzisha chuo kikuu cha utafiti mjini Pohang. Kampuni hiyo iliundwa mwaka wa 1968, na tanuri lake likaanza kutoa chuma mwaka wa 1973. Kwa hivyo, kule kiwanda ndicho kilichozaa chuo. Sisi tulikiomba chuo kizae kiwanda.

Gari la Nyayo halikukosa akili. Lilikosa viwanda vya kulilea: vya kuyeyusha chuma, vya kuunda injini na vya kutoa vipuri kwa maelfu, vyote kwa kipimo kimoja. Yafaa pia tukumbuke kwamba Hyundai ilipotoa gari lake la Pony mwaka wa 1975, ilitumia injini ya Mitsubishi ya Japani. Injini ya kwanza iliyobuniwa na Hyundai yenyewe ilitokea mwaka wa 1991. Kwa miaka 16, mafundi wake walijifunza kwa mikono kabla ya kubuni kwa kalamu.

Wapo watakaosema kwamba Korea ilikuwa na taasisi ya utafiti ya KIST tangu mwaka wa 1966, kabla ya POSCO. Ni kweli. Lakini kazi ya taasisi hiyo ilikuwa kuvitatulia viwanda vichanga matatizo yao. Wala sisemi kwamba utafiti wote usubiri. Utafiti wa mbegu na wa malaria una mkulima na hospitali wanaoungoja. Utafiti usio na wa kuupokea ndio unaoishia kabatini.

Suala hili si la kale. Huko Konza, serikali imekopa fedha kutoka Korea Kusini ili kujenga taasisi ya juu ya sayansi kwa kuiga chuo cha KAIST. Sheria ya mwaka 2013 nayo yataka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Wakati huo huo, mchango wa viwanda katika pato hilo ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 8 kufikia mwaka wa 2023. Je, mhitimu wa Konza ataajiriwa wapi? Asipopata kiwanda hapa atavuka bahari, nasi tutabaki kulipa mkopo uliowasomeshea wengine wataalamu.

Hapana budi taasisi hiyo ifungamanishwe na viwanda tangu siku ya kwanza. Serikali nayo inunue bidhaa za humu nchini na kupunguza gharama ya umeme. Vyuo vya ufundi vipewe mashine za kukerezea chuma, na walimu wetu wakome kumwona fundi kama mwanafunzi aliyeshindwa na masomo.

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta tunayo, tuutengeneze mzinga.