Ada ya msimamizi wa kampuni iliyofilisika: nani huidhinisha, nani hulipa?

Mfanyabiashara wa Rumonge anapopeleka madumu ya mawese au magunia ya ndagala Bujumbura kwa mkopo, mara nyingi hana dhamana ila ahadi ya mnunuzi. Mnunuzi huyo akifilisika, huzuka swali zito: nani atalipwa kwanza?

Kisa cha Nakumatt nchini Kenya kinatoa funzo. Januari 2018, Mahakama Kuu iliiweka kampuni hiyo ya maduka makubwa chini ya msimamizi, Peter Kahi, huku ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Maduka sita ya mwisho yaliuzwa kwa kampuni ya Naivas kwa shilingi milioni 422, kiasi kisichofikia hata asilimia 2 ya deni hilo. Januari 2020, wadai walipiga kura kampuni ivunjwe.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, ada na gharama za msimamizi hutolewa katika mali ya kampuni kabla ya wazabuni wasio na dhamana kupata chochote. Sababu yake inaeleweka: ni vigumu kumpata mtaalamu wa kuongoza kampuni inayozama bila uhakika wa malipo. Hata hivyo, namna ya kumlipa ina athari zake. Akilipwa kwa saa, kesi ndefu humnufaisha. Akilipwa kwa asilimia ya mali, huenda akaharakisha mauzo kwa bei ya chini.

Ndiyo maana idhini ya wadai, au ya mahakama wanaposhindwa kuafikiana, ni kinga muhimu. Lakini benki yenye rehani hufika mkutanoni na wakili wake, ilhali mzabuni mdogo, ambaye fungu lake ndilo linalopunguzwa na ada hiyo, aghalabu hayupo.

Burundi nayo ina sheria ya ufilisi, na Mahakama ya Biashara mjini Bujumbura. Kwa wauzaji wa Rumonge na Nyanza-Lac, tahadhari huanza mapema: deni liandikwe na kutiwa saini, dai liwasilishwe kwa wakati, na wadai wadogo wamtume mwakilishi mmoja, atakayedai mchanganuo wa ada kabla haijaidhinishwa. Ikishalipwa, kuirejesha ni kazi ngumu.